Fiati Yenye Injini ya Pikipiki

Bernadina alimwachia fundi Vedasto, pale Karatu, kigari cha Fiati cha marehemu mumewe ili asafishe kabureta tu. Alikihitaji kumpeleka mama yake kanisani, maana miguu ya bibi huyo haimbebi tena na kanisa liko juu mlimani. Aliporudi alikuta injini ya pikipiki imefungwa humo, na mnyororo wake.

"Uliniomba ruhusa lini?" aliuliza.

"Mama, ile ya zamani ilishachoka, nikawapa watu wa chuma chakavu. Hii inanusa tu mafuta. Utafika hadi Digodigo kule mbali!"

"Nani kakwambia naenda Digodigo? Haya, lirudishe nyuma nitoke."

Vedasto akakuna kisogo. "Gia ya nyuma haipo, mama. Pikipiki hairudi nyuma."

"Na uwanja wa kanisa hauna pa kugeuzia! Nikishaingia na mama yangu, tulale humo na sanamu za watakatifu?"

Asubuhi ile alikuwa ametoka kuungama. Akafumba macho, akamwomba Mungu uvumilivu. Haukuja. Akayafumbua.

"Sikiliza wewe. Injini yangu umeigawa, hii umeniamulia. Basi kuanzia leo gia ya nyuma ni wewe."

Jumapili, misa ilipokwisha, waumini wote walimwona Vedasto, kavaa suti, ameinamia boneti akilisukuma gari kinyumenyume. Bibi aliwapungia mkono dirishani. Bernadina alishika usukani, uso ameukunja, wala hakusema ahsante.