Nipe Mji

Nalala mchana, jambo ambalo sikulifanya hata siku moja katika miaka yangu yote ya ugadi wa treni, lakini Oktoba ya Tabora haimwombi mtu ruhusa. Bati la bweni linalia kwa joto, maharage ya bwaloni yamenikaa tumboni kama mfuko wa saruji, na mezani nimetandaza ramani niliyoichora mwenyewe kwa wino kwenye karatasi ya manila: reli kutoka Tabora kwenda Kigoma, stesheni kubwa zote na majina yake, zana yangu ya kufundishia. Chuo kimefunga. Wenye bahati wamekwenda makwao, na sisi tuliobaki kwa mazoezi ya kufundisha hatupumui: alfajiri foleni ya bombani, asubuhi darasani katika shule ya msingi ya jirani, jioni kukata kadi na kuchora, kisha kufua shati lile lile jeupe na kulipiga pasi ya mkaa. Mimi ni Luhende, mwanachuo mwenye wajukuu. Kusoma nilijifunza katika madarasa ya jioni pale Urambo, mtu mzima na ndevu zangu, nikapanda darasa kwa darasa mpaka cheti cha kidato cha nne, na hakuna aliyenisukuma. Leo kengele ya mchana ikigonga nafundisha mbele ya mkufunzi, na hili ndilo jaribio la mwisho. Nikianguka, narudi nyumbani bila ualimu. La kwanza nilianguka bila kutamka neno. Mkufunzi wetu, Mwalimu Skolastika Nindi, ni wa umri wa binti yangu kitinda mimba. Aliingia darasani, watoto wakasimama, akanitazama akingoja mwanachuo amwamkie mkufunzi wake, nami nikamtazama nikingoja binti amwamkie mzee. Tukangojana. Chaki ikalowa jasho mkononi. Watoto walisimama mpaka magoti yakaanza kuwacheza, kengele ikagonga, naye akaandika kwamba mwanachuo hakuanza somo. Na kweli sikuanza. Lakini shikamoo ya mtu haiokotwi njiani.

Pazi, kijana wa Kizaramo ninayekaa naye chumba kimoja, haniachi kwa jambo hilo. Yeye ni mtani wangu na kunisema ni haki yake. Babu, ananiambia akifunga kamba za viatu, leo ukinuna tena nakutwika mzigo, nakutembeza mpaka Bagamoyo kama mababu zako. Namwambia, mababu zangu walibeba, wa kwenu walikaa kivulini wakiuliza safari inafika lini wale. Anacheka mpaka anakosea tundu la kamba. Haya, jinyooshe kidogo, anasema, nitakuamsha kabla ya kengele, nisije nikamzika Mnyamwezi kwa gharama yangu. Naegemeza shavu juu ya ramani. Nasikia harufu ya wino, nasikia ndoo ikigonga bombani, halafu mlio wa ndoo unarefuka, unarefuka, unakuwa honi, na reli niliyoichora inapita chini ya shavu langu, ya chuma, ya moto.

Nimesimama juu yake. Ni reli na ni barabara, inakwenda mbele na inakwenda nyuma, na kila nikigeuka nyuma inakuwa mbele. Nina ramani kwapani na chaki mfukoni na najua nimechelewa. Kengele inagonga mahali fulani, inagonga bila kumaliza, na nimeambiwa, sijui na nani, kwamba ikimaliza mlango wa darasa utafungwa na hautafunguliwa tena kwa ajili yangu. Natembea upesi. Stesheni ya kwanza amesimama mtu wa sare, bendera mkononi, kofia imemkaa vizuri, na chini ya kofia hakuna uso. Hakuna jicho, hakuna kunyanzi, hakuna ndevu. Ni laini tupu kama sahani iliyooshwa. Nataka kumuuliza njia. Lakini nianzeje? Sijui kama ni mkubwa wangu nimwamkie au mdogo wangu aniamkie. Namtazama mikono, amevaa glavu. Namtazama mgongo, umenyooka, lakini hata mimi wangu umenyooka. Basi nangoja, naye anangoja, na kengele inagonga. Mwisho anasema: Kitendawili. Mdomo wangu, uliofundishwa tangu utotoni, unajibu wenyewe: Tega. Anasema: Mtoto wangu mweupe, kila akisema anapungua. Nasema, mwezi. Anatikisa kofia. Nasema, mshumaa. Anatikisa tena. Nipe mji, anasema. Nakubali kwa wepesi, kwa sababu ndivyo mchezo ulivyo, aliyeshindwa hutoa mji, na mji wa mdomoni haujapata kumpungukia mtu. Nimekupa Usinge, nasema. Anasimama wima kama mtu aliyepokea ufunguo. Nimekwenda Usinge, anasema, nimekula, nimelala, wenyeji wameniambia jibu ni chaki, nawe unayo mfukoni. Napiga hatua mbili tatu kabla sijasikia kitu kimenichomoka. Usinge, ambako treni ilikuwa ikisimama na mama mmoja alikuwa akiniletea asali katika. Alikuwa akiniletea katika. Nafungua ramani. Kati ya vituo viwili reli inapita mahali peupe pasipo na jina, na wala sijui tena ni jina gani ninalolitafuta.

Nakimbia. Barabara inakunja, inakunjua, inaniingiza katika mji ambao ni chuo chetu kilichogeuzwa kama kwenye kioo: bomba liko kushoto badala ya kulia, saa ya ukutani inarudi nyuma, kibao cha getini kimeandikwa kwa herufi zinazotazama kule zilikotoka. Mashati yetu meupe yamo kambani, mikono juu, kama watu waliokamatwa. Bwaloni wamepanga mstari wanachuo wasio na nyuso, kila mmoja na sahani yake, na nikitaka kufika upande wa pili lazima nipite kati yao. Nasimama nyuma ya wa mwisho. Hanisalimii. Simsalimii. Mstari hausogei. Kisha aliye mbele yangu anageuka na kutoka katika ule ulaini inakuja sauti ya Pazi, utani wake na kicheko chake, uso wake haupo. Mnyamwezi, anasema, umebeba miji kichwani siku zote hizo, shingo haikuumi? Namwambia, Pazi, acha mchezo, kengele inagonga, nionyeshe mlango. Anasema: Kitendawili. Nafunga mdomo kwa mkono, na mdomo unajibu nyuma ya mkono: Tega. Nyoka wangu ana miguu mia, anasema, na njaa yake iko kichwani na mkiani. Hapo moyo unanitulia, maana nani anamjua nyoka huyo kuliko mimi. Nasema kwa sauti kubwa: Treni! Wote wenye sahani wanacheka, kicheko kisicho na midomo. Tua mzigo, babu, tua mmoja, nipe mji. Nasema sitoi. Anasema, usipotoa tutasimama hapa. Na kengele, nasikia wazi, imeanza kuchoka. Nimekupa Kaliua, nasema, na papo hapo nataka kuirudisha, lakini amekwisha kuipokea. Nimekwenda Kaliua, anasema, nimekula, nimelala, wameniambia ni foleni, nawe umesimama ndani yake. Mstari unafunguka. Napita nikiushika mji ule kwa meno kama mtu anayeshika kamba: stesheni ile niliyoijua miaka mingi kwa tangi lake la maji tu, nikiwa kibarua wa kupakia mizigo, mpaka asubuhi moja, baada ya madarasa ya jioni, nikainua macho nikasoma kibao chake herufi moja moja, cha kwanza nilichokisoma duniani bila kuuliza mtu, nikalipigia jina lile kelele mpaka abiria wakachungulia madirishani, na jina lile lilikuwa. Lilikuwa.

Nakimbia nikilia kwa hasira. Nalifikia darasa. Lipo peke yake katikati ya uwanda, mlango mmoja, madirisha hayana vioo. Ndani watoto wamesimama, mikono juu ya madawati, nyuso laini laini safu kwa safu, na ubao unangoja. Mlangoni amesimama mtu. Si mrefu, si mfupi; kanga au kanzu, sijui; huenda ni mtoto, huenda ni bibi wa mabibi. Kengele inapiga pigo moja, inanyamaza muda mrefu, inapiga jingine. Namngoja anipishe. Hanipishi. Anasema: Kitendawili. Tega, nasema, kwa sababu siwezi kutosema. Anasema: Kitu changu nikikupa sipungukiwi, nikikunyima kinanichachia mdomoni. Nasema, maji. Nasema, moto. Nasema, elimu, na nalisema hilo kwa kifua mbele. Anatikisa. Nipe mji. Nasema nimekupa Kigoma. Anasema, huko ulisimamisha treni tu, hukuishi. Nipe mji ulioishi. Nasema Mpanda. Mpanda umeusikia, anasema; ramani yako imebaki na mmoja tu ulioishi. Nafungua ramani na najua kabla sijatazama. Umebaki Urambo. Urambo ndiko alikozikwa Kalunde, mke wangu. Urambo ndiko alikonichongea kalamu kwa kisu cha kumenyea mihogo, ndiko alikoniuliza kila jioni, leo wamekupa nini, na nisipokuwa na la kusema ananinyima mchuzi. Nikiutoa Urambo nitaingia darasani na kupata ualimu wangu, na sitajua ni nani niliyemwahidi kwamba nitaupata. Sitoi, nasema. Kengele inapiga. Anasema, basi jibu. Na mimi, kwa hofu, nakwenda Urambo mwenyewe kabla yeye hajaenda, naingia uani kwangu, namkuta Kalunde anapepeta mchele siku ile mwalimu wa madarasa ya jioni alipokuja kuuliza kwa nini sikuhudhuria. Kijana mwenyewe hata sharubu hajaota. Kalunde anaweka ungo chini, anapiga goti, anasema shikamoo mwalimu, na kijana kwa aibu anarudi nyuma mpaka anamkanyaga kuku. Namkemea mke wangu: Mama wewe, unamwamkia mtoto? Naye anaokota ungo wake, hata hanitazami, anasema: Mtoto nimemwona, Luhende. Nimeiamkia chaki.

Ni salamu, namwambia aliye mlangoni. Jibu ni salamu. Hatikisi kichwa, wala haitikii. Kengele imeinuliwa kwa pigo la mwisho, naisikia imening'inia hewani. Naweka ramani chini. Napinda goti, goti bovu, linalia kama bati, na namwambia huyo nisiyejua kama ni mkubwa au mdogo: Shikamoo. Marahaba, anasema, na katika ule ulaini kunaanza kuchomoza uso, paji kwanza, kisha nyusi, na nyusi zile nazijua, nazijua, ni za.

Babu! Babu, wameshika nyundo ya kengele! Ni Pazi, ana uso, pua yake pana iko mahali pake, ananitikisa mabega. Nainuka, karatasi inaninata shavuni, naibandua. Pazi ananitazama anaanguka kitandani kwa kicheko. Umejichapa usoni, anasema, Mnyamwezi umebeba mizigo yote, sasa umebeba na ramani. Natazama manila. Jasho limekunywa wino. Tabora ipo, Urambo upo, kisha reli inapita mahali palipofifia, hapana herufi hata moja. Pazi, nasema, baada ya Urambo unakuta wapi? Ananitolea macho. Baada ya Urambo? Anasema, mimi Mzaramo nitajua wapi, kwani huko kuna watu? Ni utani wake, au haupo mji. Siwezi kujua, na kengele inagonga, tunakimbia uwanjani, jua likitupiga utosini, mimi na karatasi yangu na chaki yangu.

Nafika mbele ya ubao nikitweta. Watoto wanasimama. Mlangoni jua ni kali mno, na mtu anayeingia na jua hilo mgongoni hana uso, ni weupe tu na kivuli cha gauni, amesimama ananitazama, kimya. Kimya kile kile. Mikono ya watoto juu ya madawati. Napinda goti. Shikamoo mwalimu, nasema, na katika pumzi hiyo hiyo sauti yake inagongana na yangu: Shikamoo mzee. Hakuna anayeitikia, kwa sababu wote wawili tumeamkia. Ndipo darasa zima, watoto wale watundu, wanaitikia kwa pamoja kwa niaba yetu: Marahabaa! Mwalimu Skolastika anaziba mdomo kwa faili. Anapita nyuma, anakaa, sasa ana uso na macho yamemlowa kwa kicheko. Naanza somo. Natundika ramani, natoka Tabora, napita Usoke, nafika Urambo, fimbo inateremka kwenye weupe na inasimama. Kijana wa dawati la mbele anauliza, mwalimu, hapo pana nini? Miaka mingapi nimepita hapo na bendera yangu, na sijui. Mwingine anasema, mwalimu, shavuni kwako pameandikwa, ila maandishi yamegeuka hayasomeki. Nyuma, kalamu ya mkufunzi imeinuliwa. Kitendawili! nasema. Tega! wananguruma. Nawatega kile kile cha mlangoni. Maji! Pesa! Homa! Wanashindwa. Basi nipeni mji, nasema, nipeni miji, na wanaitupa mikono juu: Dodoma! Mwanza! Nimekupa Dar es Salaam mwalimu! Nakataa, nakataa, nataka wa njia hii, nasema, wa reli hii. Kisha karibu na dirisha, palipo na jua, sauti ndogo ya kike inasema: Nimekupa Kaliua.

Tangi la maji linasimama. Kibao kinasimama. Abiria wanachungulia madirishani. Nimekwenda Kaliua, nasema, nimekula, nimelala, wenyeji wameniambia jibu ni salamu. Watoto wanapiga makofi. Nyuma nasikia kalamu ikiandika, faili likifungwa taratibu, na Mwalimu Skolastika anasema: Endelea, Mwalimu Luhende. Mwalimu, amesema. Namtafuta aliyenipa mji nimwone, lakini dirishani jua limejaa, naona sketi ya shule na mikono juu ya dawati, na juu yake weupe laini. Nageukia ubao kuliandika jina lile kabla halijaondoka tena. Naandika K. Narudi nyuma hatua moja, naitazama, na siwezi kusema miguu yake imeelekea kulia au kushoto. Nashika chaki, nangoja mtoto mmoja aniambie.