Maji ya Nyuma ya Kituo

Shemeji yangu ana kituo cha mafuta na pua ya ajabu. Pua hiyo, kwa maelezo yake, imekaa na petroli miaka ishirini, kwa hiyo petroli ikipenya pasipotakiwa itamwambia. Watu wa mazingira, kwa kukosa adabu, hawakuitambua pua hiyo kama kifaa cha kupimia. Wakataka ripoti. Shemeji akanitafuta mimi, mdogo wa mkewe, ambaye kazi yangu ni kupima udongo na maji, ili mambo yabaki nyumbani.

Nilitoboa ardhi mita tatu, katikati ya matangi yake na nyumba yake. Udongo nikautia kwenye mfuko, nikaufunga, nikauweka juani kidogo ili mvuke utoke, kisha nikaingiza mdomo wa kipimo cha mvuke wa petroli. Namba zikapanda kama zinakimbizwa.

"Kipimo chako kibovu," alisema shemeji.

Maskini kipimo.

Nikachota maji ya kisima cha nyuma ya nyumba, ambayo dada yangu anayapikia, anayafulia na kumwogeshea mtoto wa miezi mitano mwenye vipele mwili mzima. Vipele hivyo daktari wetu, yaani shemeji, alishavipatia sababu: sabuni. Juu ya maji palielea utando wa rangi rangi, unapendeza kweli. Nilijaza chupa pomoni, pasibaki hewa. Kando yake nikaweka chupa ya maji safi niliyotoka nayo maabara. Hiyo huenda na kurudi na sampuli ili ijulikane kwamba uchafu haukutoka mikononi mwangu.

Ghafla shemeji akaipenda chupa hiyo.

"Shemeji, si ubandike tu jina la kisima hapa? Maji ni maji."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wangu. Mimi nitamtakia mabaya?"

Nikairudisha chupa kwenye sanduku la sampuli. Dada alikuwa amefika mlangoni, mtoto mgongoni. Barafu ya kupozea sampuli ilikuwa imeyeyuka, nikamwomba aniletee nyingine kutoka kwenye friji ya ofisini kwa mumewe, pale kituoni. Shemeji akajitolea kwenda yeye, mtu ambaye hata glasi yake hajawahi kuisuuza, lakini dada alishatangulia.

Alirudi na barafu mkono mmoja. Mkono wa pili alishika chupa ya maji ya dukani, imenywewa nusu.

"Friji imejaa haya," alisema. "Ya nani?"

"Ya wageni."

"Wageni wanakunywa nusu wanarudisha?"

Shemeji akatazama matangi, akanitazama mimi, kana kwamba nina lebo ya kumbandikia.

"Tangu lini?" dada aliuliza taratibu.

"Tangu tangi lilipoanza kuvuja," alisema hatimaye. "Ulikuwa mjamzito. Sikutaka upate presha."