Ishara za Anselmo Guridi

“Nifungie hiki, Nicanor,” Anselmo Guridi aliniambia, akanisogezea mguu wa kulia huku kikinga cha ugoko kikining’inia.

Nilipiga goti. Kwa misimu minane nilikuwa mdakaji wa akiba nyuma yake, na sikuwahi kumwona akifungiwa kitu na mtu. Nilipoinua macho niliuona mkono wake. Kidole gumba kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi kama ndizi iliyosahaulika jikoni, na ukucha ulikuwa umekaa upande.

“Umekiona?” akauliza.

“Nimekiona, kaka.”

“Basi hujakiona.”

Ilikuwa Jumapili ya fainali, mwaka 1974, katika chumba cha kubadilishia nguo cha uwanja wetu, kule Santa Quiteria, mji wa kiwanda cha sukari. Nje ngoma na kodiani zilikuwa zimeshaanza. Timu ya bandarini ilikuwa imekuja na mabasi mawili ya mashabiki, na sisi tulikuwa hatujachukua ubingwa kwa miaka kumi na moja.

Watu wengi huenda kwenye besiboli kumtazama anayerusha na anayepiga. Mimi nilikuwa namtazama Anselmo. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, barakoa usoni, na ni yeye peke yake anayeuona uwanja mzima mbele yake. Ndiye anayempa mrushaji ishara kwa vidole, katikati ya mapaja: sasa tupa wa kasi, sasa tupa wa kujipinda. Anselmo aliifanya kazi hiyo misimu kumi na minane. Akiutazama unyayo wa mpigaji aliweza kujua jamaa anasubiri mpira gani. Wakimbiaji wenye sifa ya wizi wa vituo, yaani kuchomoka kwenda kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa, waliuogopa mkono wake wa kurusha, wakasimama kwenye kituo cha kwanza wametulia kama watu waliokuja misani.

Wadakaji tuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Mdakaji haombi kutoka. Kidole kikivunjika unakizamisha kwenye maji baridi, unakifunga pamoja na jirani yake, unarudi kuchuchumaa. Na mwenzako akikiona, anafunga mdomo.

Nami niliivunja sheria hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na mama yangu alikuwa hajawahi kuniona nikicheza raundi tatu mfululizo. Nilimfuata kocha Rufino nyuma ya jukwaa, alikokuwa akinywa kahawa yake.

“Kocha, Anselmo amevunjika gumba. Hataweza kurusha mpira vituoni.”

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. “Kakutuma yeye?”

“Hapana. Nasema kwa faida ya timu.”

“Kwa faida ya timu,” akarudia. Akamwaga kahawa iliyobaki chini. “Haya. Kavae.”

Sikusikia walichoambiana. Nilimwona Anselmo akifungua kikinga nilichokuwa nimemfungia, kwa mkono wa kushoto, bila haraka, akakiweka juu ya benchi na kwenda kukaa mwisho kabisa, karibu na pipa la maji. Nilijiambia kwamba nimemwokoa. Nilikuwa nasema uongo, na nilijua.

Mrushaji wetu siku hiyo alikuwa Ovidio Mañón, kijana wa miaka ishirini, mkono wa radi na moyo wa karatasi. Tangu aje kwetu alikuwa hajamrushia mtu mwingine ila Anselmo. Aliponiona mimi nimechuchumaa pale alipauka. Raundi ya kwanza haijaisha, bandarini walikuwa wameshapata pointi mbili. Watu wa jukwaani walianza kuliita jina la Anselmo, halafu wakaanza kulitaja langu, na hawakulitaja kwa heri.

Nikageukia benchi, nadhani kwa aibu tu. Anselmo aligusa kofia yake. Kisha kidevu. Nilizijua ishara hizo, ndizo alizokuwa akitufundishia mazoezini: kofia ni wa kasi, kidevu ni wa kujipinda, goti ni wa polepole. Nilizipitisha kwa Ovidio kwa vidole vyangu, moja baada ya nyingine. Mpigaji alikata upepo mara tatu, akarudi kwao akitukana.

Tuliendelea hivyo raundi zote zilizobaki. Kila mpira nilitupa jicho kwenye pipa la maji, na kila mpira jibu lilikuwepo. Ovidio alitulia. Tukasawazisha, halafu katika raundi ya nane tukapata ya tatu.

Raundi ya mwisho walibakiwa na mtu mmoja tu wa kutolewa, lakini mwenzao alikuwa kwenye kituo cha tatu, hatua chache kutoka nyumbani, kituo cha mwisho kinacholeta pointi, na mpigaji alikuwa Febles, jitu lenye mapaja kama magunia ya sukari. Alikuwa ameshakosa mara mbili, na ya tatu ingemtoa. Mimi nilitaka wa kasi. Anselmo akagusa kidevu, kisha akaelekeza kidole chini: wa kujipinda, uangukie kwenye vumbi. Ukinipita ule, yule wa kituo cha tatu anaingia, wanasawazisha, na ubingwa unaanza kutuponyoka. Nikatikisa kichwa. Akagusa kidevu tena, kwa nguvu.

Mpira ulianguka vumbini kama alivyotaka. Febles akapiga hewa. Nami niliujitupia mpira kifua mbele, ukanigonga chini ya koo, ukabaki magotini pangu. Mpira ulioanguka chini haumtoi mpigaji mpaka aguswe nao, kwa hiyo niliuokota nikamgusa Febles mgongoni.

Nilibebwa juu. Mama alilia. Gazeti liliandika kwamba nina kichwa cha mtu mzima katika mwili wa kijana. Anselmo alitoka kwa mlango wa nyuma, gumba lake lilipona likiwa limepinda, na hakucheza tena. Kiwandani walimpa kazi ya kupima miwa.

Mimi nikawa mwalimu wa wadakaji, miaka thelathini na zaidi. Watatu kati ya vijana wangu walifika ligi kubwa za kaskazini, na kila mmoja alisema redioni kwamba Nicanor ndiye aliyemfundisha kusoma unyayo wa mpigaji. Sikuwasahihisha. Mwanzoni ilikuwa furaha, baadaye mazoea. Dhamiri iliponisumbua niliipoza kwa jambo moja: Anselmo alinisamehe siku ileile. Mtu asiyekusamehe atakupaje ishara mechi nzima?

Mwaka jana halmashauri ya mji iliamua kuuita uwanja kwa jina langu. Asubuhi moja nikaenda kwa Anselmo. Nilimkuta barazani akimenya mbaazi kwa vidole vyake vilivyokwenda kombo.

“Ee, Nicanor! Umenenepa, bwana. Kaa.”

Nilibaki nimesimama. “Kaka, siku ile ya fainali, mimi ndiye niliyekuchongea kwa Rufino.”

Aliendelea kumenya. “Najua. Rufino aliniambia palepale aliponitoa.”

“Basi ni kweli ulijua. Na hukusema neno?”

“Miaka mitatu sikukuitikia salamu. Hukuona?”

“Niliona. Nilidhani masikio yameanza kuziba.”

Akacheka mpaka bakuli likamtikisika magotini. Kisha akaacha kucheka. “Iliniuma, Nicanor. Pengine tungefungwa. Lakini ilikuwa mechi yangu.”

“Lakini ulinisamehe. Ulinipa ishara mpaka mpira wa mwisho.”

Hapo ndipo alipoinua uso, ameshangaa kweli.

“Wewe? Mimi nilikuwa nampa Ovidio. Mtoto alikuwa anatetemeka. Wewe ulikuwa njia tu ya kumfikia.”

Nikakaa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejifunika msamaha ambao hakuna aliyenipa. Hakuwa akinifikiria kabisa. Alikuwa akifanya kazi yake, pale kwenye pipa la maji, kidole kimevunjika.

“Na sasa?” nikauliza. “Unanisamehe?”

“Ngoja kwanza nimalize mbaazi,” akasema. “Na hongera ya uwanja. Nimesikia.”

Aliisema bila kijembe, nami nilitamani angekiweka. Nilichota mbaazi nikamsaidia kumenya.

Kesho yake nilikwenda halmashauri. Karani, binti mwenye haraka, alifuta jina langu kwenye fomu bila kuuliza sababu, akaandika lile nililomtajia. Ndipo kalamu yake ikasimama.

“Guridi,” akasema. “Huyu ndiye nani?”

Binti yule anaishi mitaa miwili kutoka nyumbani kwa Anselmo, amezaliwa hapo. Nikavuta kiti, nikaanza na sehemu inayonitia aibu.