Mgeni Aliyerukwa

Mwalimu wa chekechea alikuwa na ulimi mkaidi. Kila alipoutuma R, ulirudi na L. Utotoni watu wa kwao waliona ni utamu tu wa mtoto. Ukubwani utamu ukageuka shubiri. Mwaka wake wa kwanza kazini, kwenye kikao cha walimu, alisimama akashauri jambo lililowashinda liamuliwe kwa "kula". Wenzake wakauliza sahani ziko wapi. Tangu siku hiyo wakamwita Bwana Kula, naye akacheka pamoja nao, kwa kuwa kununa kungeongeza chumvi.

Akajifunza kupita pembeni. Hakusema karibu, alisema pita ndani. Hakusema kwa heri, alisema tutaonana. Nyekundu ilikuwa nyekundu, na bluu ilikuwa bluu, lakini zote pamoja hakuwahi kuziita rangi. Sasa mtu wa namna hiyo akapangiwa kufundisha herufi, neno ambalo lenyewe lina mtego katikati. Akaona isiwe tabu: herufi akaziita wageni.

Na hapo, bila kukusudia, akaokota dhahabu. Watoto walifika mbio kila asubuhi kujua mgeni wa leo ni nani. M waliitengeneza kwa magoti, wamekaa sakafuni wawili wawili. B waliifinyanga kwa udongo, na mmoja akaapa kwamba ina mimba ya mapacha. Mtoto ambaye jina lake lilianza na mgeni wa siku hiyo alivikwa taji la karatasi, mwalimu akamtaja kwa sauti, darasa zima likampigia makofi.

Mambo yalikwenda vizuri hadi P. Kesho yake akaingia S, wakatambaa wote kama nyoka mmoja mwenye mikono themanini. Katika raha ile, aliyegundua kwamba kuna mgeni amerukwa alikuwa mmoja tu: binti wa fundi cherehani, ambaye jina lake lilianza na R. Mwalimu alikuwa akimwita Bi Mkubwa tangu siku ya kwanza, naye maskini akadhani ni heshima.

Akauliza mgeni wake anakuja lini. Mwalimu akamwambia yuko njiani. Alipouliza tena, akaambiwa amekwama kwenye tope. Ikapita T, ikapita U, ikapita V. Siku ya W, nafasi ya Bi Mkubwa kwenye benchi ilikuwa tupu.

Mchana akaja mama yake, futi ya kupimia ingali shingoni. Alisema mtoto amegoma, anadai shule imelifuta jina lake. Amebembelezwa, amefokewa, wapi.

"Jana nimemchungulia chumbani," akasema. "Kajitengenezea taji la gazeti. Kajivika, kajitaja jina, kajipigia makofi mwenyewe."

Mwalimu alitafuta uongo mwingine, akakosa.

"Mama, kosa ni la ulimi wangu," akasema. "Hauliwezi jina la mwanao."

Fundi akamtazama, akabana midomo, kicheko kikamponyoka. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya futi.

"Sisi tulidhani humpendi," akasema. "Hayo kamwambie mwenyewe. Kesho namleta, hata kwa kumbeba."

Kesho yake mwalimu aliandika R ubaoni, kubwa kuliko wageni wote waliotangulia. Akavuta kiti cha mtoto akakikalia, magoti yakamfika kifuani.

"Leo mgeni amefika," akasema, "ila mimi simwezi. Anayemjua anifundishe."

Akajaribu rula. Ikatoka lula. Darasa likaangua kicheko, mmoja wa benchi la nyuma akaporomoka chini. Masikio ya mwalimu yakawaka moto, lakini hakuinuka.

Bi Mkubwa peke yake hakucheka. Alikuja mbele, mikono miwili imeshika usukani usioonekana.

"Washa pikipiki, Mwalimu. Ulimi juu, halafu puliza."

Akaiwasha yake, na wenzake wakawasha zao. Pikipiki arobaini zikazunguka meza kwa ngurumo. Mwalimu mkuu akaja mbiombio, kalamu mkononi, akauliza nani anafundisha humu.

"Mimi," akasema Bi Mkubwa, pikipiki ikiendelea kuunguruma.

Mwalimu mkuu akamwona Bwana Kula kwenye kile kiti kidogo, mashavu yamevimba, mate yamefika kidevuni. Akafunga mlango polepole.

Likabaki taji. Mwalimu alipiga goti mbele ya mtoto, taji mkononi, na kwa kuwa taji halivikwi bila jina, akalitaja. Ikatoka L. Akarudia, ikatoka L nyingine, na jasho juu.

"Tena," akasema Bi Mkubwa.

Mara ya tatu kikatoka kitu cha katikati, kinakohoa kama injini asubuhi ya baridi. Bi Mkubwa akaweka kichwa upande, akakipima.

"Huyo ni mimi kidogo," akasema, na akainama avikwe.