Fundi Mwenye Jina la Baba

Mimi sina subira, nasema mapema. Na wiki ile hata ile kidogo niliyo nayo ilikwisha, tangu Jumatatu, pale bosi wetu wa zahanati aliponiita ofisini kwake.

"Sista Letisia, zamu inaanza saa moja na nusu. Jumatatu ijayo ukichelewa tena, unahamia nyumba za watumishi hapa hapa Balangdalalu. Sitaki maelezo."

Kuhama siwezi. Nyumbani Nangwa yuko baba mkwe wangu, mzee wa Kibarbaig, macho yake yameingia ukungu. Mume wangu Nicodemo yuko migodini, anarudi Krismasi. Mimi ndiye ninayempikia mzee, mimi ndiye ninayemtia dawa ya macho asubuhi na jioni. Nikihamia Balangdalalu atabaki na nani? Basi la asubuhi nalo huondoka likijisikia. Nikaona dawa ni gari.

Nikanunua Starlet kuukuu ya mwalimu Kornelia, rafiki yangu, aliyekuwa anahamia Babati. Huyo mzee, ambaye mimi namwita Baba, aliuza dume lake la ng'ombe lenye mabaka kuniongezea, wala sikumwomba. Kornelia akaniambia ukweli, Mungu ambariki. "Linachemsha. Ukiona mshale wa joto unapanda, simama. Halafu usilipeleke kwa kila mtu. Pale Katesh kuna fundi mmoja tu anayezijua gari hizi." Akanitajia jina.

Loo! Jina lenyewe ni lile lile la baba mkwe wangu.

Sasa nieleze. Kwa Wabarbaig mke hataji jina la baba mkwe, wala neno linalolikaribia. Mimi ni Mwiraqw wa Bashay, sikuzaliwa na mwiko huo, lakini nilipoolewa niliupokea, na kwa miaka kumi na mmoja ulimi wangu haujateleza hata mara moja. Kwa hiyo Alhamisi nilipofika Katesh kwenye duka la spea la Saleh, nikasema nilichoweza kusema.

"Namtafuta fundi mwenye jina la baba."

Saleh ni mtu wa biashara, wazazi wake walitoka Kondoa, mambo yetu ya wakwe hayajui. Akacheka. "Fundi Baba? Si yule pale chini ya lori!"

Nikafurahi kweli. Nikadhani hilo ndilo jina lake la mjini. Nikamwendea, mwanamume mfupi mwenye kofia ya sufu, nikamuuliza, "Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi mwenyewe, dada! Umefika!"

Najua mtaniuliza kwa nini sikuliandika jina kwenye karatasi nikamwonyesha Saleh. Jamani, hata mimi nilijiuliza hivyo, ila baadaye.

Fundi Baba hakutazama hata dakika mbili. "Hedi hiyo, kichwa cha injini. Tunafungua." Akafungua. Siku mbili nimekaa kwenye benchi lake, nimeomba ruhusa kazini kwa uongo, natazama vyuma vya gari langu vimetandazwa kwenye gunia. Kila nikimuuliza ananijibu, "Haraka haraka haina baraka." Nilitamani kumpiga na spana! Naketi, nasimama, nakwenda mpaka barabarani, narudi. Ijumaa jioni akafunga, akaniambia sasa nitafika hata Dodoma.

Jumamosi asubuhi, pale nyumbani, Baba akasema naye anataka kupanda. "Nataka kujua dume langu linakimbiaje." Nikamketisha mbele, fimbo katikati ya magoti. Hatujafika mbali mshale ukapanda, moshi ukatoka chini ya boneti kama sufuria la makande. Nikasimama pembeni, nikasubiri lipoe, nikaongeza maji ya kwenye dumu huku natukana kimoyomoyo, maana kwa sauti mzee angesikia.

Nikampigia Kornelia.

"Nani kafungua hedi?" akafoka. "Fundi gani huyo?"

"Si huyo huyo uliyenitajia. Yule mfupi."

"Mfupi! Letisia, niliyekutajia ni mrefu, mlangoni anaingia kwa kuinama!"

Kesho Jumapili gereji zimefungwa, keshokutwa ndiyo Jumatatu yenyewe. Nikalikokota gari mpaka Katesh, najaza maji, nakwenda, najaza tena. Nikaliegesha mbele ya duka la Saleh, Baba nikamwacha ndani, nikaingia mbio.

"Saleh, fundi mrefu! Mrefu hivi!" Nikainua mkono mpaka juu ya kichwa.

"Aa, huyo! Si ungelitaja jina tu, dada? Ndiye yule, juu ya ile pikapu. Kafiwa na shangazi yake Singida. Wiki mbili hizi humpati."

Pikapu ilikuwa imeshawashwa. Nikatoka nje, yule mtu mrefu amekaa nyuma juu ya magunia, na gari linaanza kuondoka. Nikakimbia.

"Wewe! Fundi! Wewe mrefu!"

Mafundi wote wa uwanja ule wakageuka, isipokuwa yeye. Nikapunga mikono. Nikapiga mluzi, mwanamke mzima. Pikapu ikaingia barabarani, na mimi nikawaona akilini watumishi wenzangu wakinibebea godoro kulipeleka Balangdalalu, na mzee peke yake Nangwa anapapasa chupa ya dawa.

"Gidamis!"

Lilitoka limekwama nusu kooni. Mama mmoja wa Kibarbaig aliyekuwa anauza maziwa pale akaziba mdomo kwa kiganja. Pikapu haikusimama. Na nyuma yangu nikasikia mlango wa Starlet unafunguliwa.

Sikuthubutu kugeuka. Nilisikia fimbo inagonga chini, mara moja, mara mbili, halafu Baba akapiga ukelele ule wa kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde.

"Gidamiiis! Ee Gidamis!"

Pikapu ikafunga breki. Yule mrefu akaruka chini, akaja mbio, akainama mbele ya mzee. "Shikamoo baba. Umeniita?"

"Marahaba. Tazama gari la huyu."

Akafungua boneti, akaziba pua kwa harufu ya kazi ya Fundi Baba, akashika mfuniko wa rejeta, akaugeuza geuza. "Mfuniko umekufa, basi. Hedi ilifunguliwa ya nini?" Saleh akaleta mwingine kutoka dukani. Fundi akaongeza maji, akafunga, akaliacha lingurume. Tukautazama mshale. Ulipanda mpaka katikati, ukatulia.

"Jumatatu utafika, mama," akaniambia, akafuta mikono, huku dereva wa pikapu anampigia honi.

Lakini mimi sikuwa nasikiliza tena habari ya Jumatatu. Nilikuwa namsubiri Baba. Alikuwa bado amesimama palepale, uso kauelekeza upande wangu, na mimi naona aibu mpaka jasho linanitoka. Miaka kumi na mmoja, nikauvunja mwiko mbele ya watu. Nikapiga magoti.

"Baba, nisamehe. Nimelitaja."

"Nimesikia," akasema. "Umeliita kama unaita ndama mgonjwa. Siku nyingine ukiniita, niite kama nilivyoita mimi."