Bolti ya Mkono wa Chini

Gari lilikuwa juu ya jeki tangu asubuhi, limevuliwa gurudumu moja kama mtu aliyevuliwa kiatu, na fundi alikuwa amelala chini yake akiibembeleza bolti ya mkono wa chini, ule chuma unaoshika gurudumu. Alikwisha kuinywesha mafuta, akaigonga nyundo, akaitukana matusi ambayo mkewe hajapata kuyasikia. Haikutikisika. Kutu ikishaoana na chuma, talaka yake ngumu.

Ofisi ya hospitali hufungwa saa kumi. Mgonjwa asiyechukuliwa leo Ijumaa angelala huko mpaka Jumatatu, na aliyekuwa akingoja ni mama mkwe wake, nyonga ndiyo kwanza imeunga. Daktari alisema asafiri amejinyoosha. Gari lenye kiti cha kulala ni hilo tu.

Pembeni, juu ya ndoo iliyofudikizwa, alikaa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mshona nguo mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake.

"Shemeji, mama kapiga simu tena. Kashavaa viatu."

"Mwambie avue."

"Mwambie wewe. Mimi sijachoka kuishi."

Fundi akacheka nusu. Nusu nyingine hakuwa nayo. Bega la kulia lilimuuma wiki ya pili sasa, ndiyo maana leo alilala kinyume, kichwa kwenye injini na miguu nyuma, ili atumie mkono wa kushoto. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana kuongeza nguvu, akavuta kwa pumzi zake zote. Spana ikateleza, vidole vikagonga chuma. Alipomulika tochi, kona sita za kichwa cha bolti zilikuwa zimelika, kimebaki duara kama kifungo cha koti.

"Unavutia kwako?" shemeji aliuliza, ameinama.

"Miaka thelathini naifungua kwa kuvutia kwangu."

"Na miaka thelathini ulikuwa unalala hivyo? Mimi nguo nikiigeuza, kushoto kunakuwa kulia."

Fundi akaizungusha spana hewani, kulia, kisha kushoto. Tangu asubuhi alikuwa anaikaza.

"Shemeji," alisema, "hilo usimwambie mtu."

"Kwani mimi redio?"

Siku zote alijigamba hajakata bolti hata moja. Kukata, alisema, ni kazi ya wavivu. Sasa alitambaa nje, magoti yakilia, akaleta mashine ya kukatia. Cheche ziliruka, kichwa kikadondoka, na kiwiliwili akakisukuma kwa nyundo na chuma chembamba mpaka kikatoka kikinung'unika. Hakuona fahari wala aibu. Aliona kiu tu. Akatia bolti mpya, akaipaka grisi, akarudisha gurudumu.

Walifika hospitali saa kumi kasoro dakika saba. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, furushi mapajani.

"Nimengoja mpaka viatu vimenibana. Gari lilikuwa na nini?"

Shemeji akakohoa, akatazama dari. Fundi akatafuta uongo mzuri, lakini uongo nao unataka nguvu.

"Mama, bolti nilikuwa naifunga, nikidhani naifungua. Kutwa nzima."

Mama mkwe akamtazama kutoka utosini mpaka unyayoni.

"Marehemu baba yenu aliishi hivyohivyo miaka arobaini, wala hakuwa fundi," alisema, akanyoosha mkono. "Haya, nishike twende nyumbani."