Wimbo wa Mto Kavuli

Wavinya alikuwa na baiskeli moja, kinasa sauti kimoja na ukaidi wa watu watatu. Alikuwa ripota wa redio ya jamii pale Kyuso, yenye studio ya chumba kimoja nyuma ya soko, na akianza kusoma habari hata wenye vinywa vipana walinyamaza.

Safari hii alikuwa na habari asiyoweza kuitangaza. Malori yalikuwa yakizoa mchanga wa mto Kavuli kila uchao. Mgeni angeuliza, mchanga tu, kelele za nini? Mgeni hajui kwamba kule maji hukaa ndani ya mchanga, na akina mama huyafukua. Mchanga ukiondoka, maji nayo huaga. Sasa walikuwa wakichota bonde la pili, mwendo wa kuumiza mgongo. Wote walijua malori hayapiti bila ruhusa ya Musyimi, naibu wa chifu. Lakini mhariri, mzee Kitonga, alikuwa na sheria moja: bila sauti ya aliyeumia, hakuna habari.

Nani angesema, na Musyimi ndiye anayegawa chakula cha msaada?

"Mimi siongei kwa hiyo kitu," jirani yake Mumbua alimwambia, akikitazama kinasa sauti kwa wasiwasi. "Sauti yangu inajulikana mpaka Tseikuru. Mahindi ikikuja, nitaambiwa nini?"

Wavinya hakumlaumu. Alikizima kinasa, akachukua jembe, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya mwethya, wanawake wakilimiana mashamba kwa zamu. Na kwenye mwethya watu huimba. Mmoja huongoza, wengine huitikia, na linaloimbwa pale halina mwenyewe. Hata mume mvivu huimbwa, na hana pa kushtaki.

Jua lilipopanda, sauti moja ya kizee ilianza:

"Musyimi, ukiwa mtoto ulikunywa wapi?"

"Kavuli!" wakaitikia, majembe yakishuka pamoja.

"Na ng'ombe wenu walikunywa wapi?"

"Kavuli!"

"Na leo umeuza nini?"

"Kavuli!"

Wavinya alisimama na jembe lake, mwili ukimsisimka. "Mama zangu, hii naweza kurekodi?"

Walitazamana. Mumbua ndiye aliyejibu. "Mtu akiimba kwa mwethya, huyo si mtu tena, ni mwethya. Washa."

Wimbo uliporushwa hewani, soko la Kyuso lilisimama. Wauza ndengu waliacha kupima. Mambo yalikuwa yamewekwa peupe, na aliyeyaweka ni kijiji kizima. Wallahi, wanawake wale walikuwa majasiri.

Kesho yake Musyimi aliingia studio amefura. Hakuwa ameusikia wimbo wenyewe. Alikuwa amepashwa habari na madereva wa malori.

"Nani anaongoza huo wimbo? Nipe jina."

Wavinya alikivuta kinasa sauti karibu. Akitaja jina, hakuna mtu angemwamini tena na neno lake. "Ni mwethya, chifu."

"Mwethya haina mdomo."

"Basi sikiliza mwenyewe."

Akabonyeza. *Musyimi, ukiwa mtoto ulikunywa wapi?*

Hasira ilimtoka Musyimi usoni polepole. Sauti ile ndiyo iliyombembeleza utotoni. Ilikuwa ya Kanyiva, mama yake mzazi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi bila kukaribishwa.

"Alikuwa analima?" akauliza.

"Alilima mpaka mwisho, chifu. Halafu akaenda kuchota maji bonde la pili. Nilitaka kumbebea mtungi, akakataa. Akasema mtoto wake yuko."

Musyimi aliondoka bila jina lolote.

Asubuhi iliyofuata malori yalikuta gogo limelazwa kwenye njia ya Kavuli. Kando ya gogo alisimama naibu wa chifu, mkononi ameshika mtungi wa manjano wa mama yake.